Sarafu Zisizo na Mgongo

Kama mume wangu Shiqi yu hai, nibaki. Kama alifia kule watawala walikompeleka kuchimba mto, nipande gari la nyumbu la kaka yangu asubuhi hiyohiyo, twende kusini. Hilo tu ndilo nililotaka kujua, jamani, na kichwa kilikuwa kinaniuma.

Mama mkwe akaniburura hadi kwa Pu, mpiga ramli wa langoni mwa mji. Pu hurusha sarafu tatu: zikilala maandishi juu, mtu yu hai, zikilala upande mtupu juu, amekufa. Mama mkwe akatoa sarafu zake, mpya, eti za Pu zimechakaa.

Pu akarusha. Maandishi, zote tatu.

"Haya! Mumeo mzima wa afya!"

Nikalia kwa furaha. Kisha nikaziangalia vizuri: herufi si zetu, ni za Wamongolia wanaotutawala. Nikageuza moja. Huku nako maandishi, yetu.

"Bwana Pu, upande mtupu uko wapi?"

Akazigeuza, akazigeuza tena. "Mbona... wee! Sasa mgongo ni upi?"

"Unaniuliza mimi? Ramli yako au yangu?"

"Tuseme herufi za Wamongolia ndizo mgongo. Basi amekufa." Akajikuna kichwa. "Lakini hao ndio wenye nchi, wawe mgongo wao? Aa, yu hai."

"Amekufa, yu hai, amekufa! Mume wangu chapati, unamgeuzageuza?"

Nilichanganyikiwa, sikujua nilie au nicheke. Barabarani kaka alikuwa ananiita, nyumbu wameshafungwa. Nikamgeukia mama mkwe aniambie lolote. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mama, ulijua?"

"Nilizichagua mwenyewe," akasema. "Nilitaka zisiweze kusema amekufa."

"Kwa hiyo amekufa?"

"Sijui, mwanangu! Niliogopa tu utaniacha peke yangu."

Hasira zikanipanda, nikatamani kumfokea mbele za watu. Nikamshika mkono, nikampandisha garini kabla yangu. Kaka akaguna, akasogea.

"Bwana Pu!" nikaita. "Shiqi akija, mwambie tumekwenda kusini!"

"Kwani yu hai?" akauliza Pu, bado anazigeuza.

Tulipolipita lango mama mkwe akaninong'oneza, "Na akirudi, akakuta mlango umefungwa, si atadhani sisi ndio tuliokufa?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Kaka akawachapa nyumbu.