Mkwezi Haitwi

...na isitoshe amevua viatu, maana Abubakari hajui kukwea na viatu, tangu utotoni kule Pangani alikuwa akikwea pekupeku, lakini ile ilikuwa minazi na huu ni mtende, Rehema alimwambia asubuhi walipokuwa wakipakia vyombo kwenye gari, baba Mwanahamisi, mtende una miiba, naye akacheka, akasema mti ni mti, ukiukumbatia vizuri unakupokea, na sasa yuko juu kaukumbatia, nyayo zimebana vigutu vya makuti ya zamani, mkono wa kushoto umezunguka shina, wa kulia una panga, na hana mkanda, mkanda upo, umetundikwa bandani, ni wa yule Mbangladeshi anayetunza shamba, mwenyewe kaenda kwao likizo, Abubakari aliushika, akaupindua, akaurudisha kwenye msumari wake kama mtu aliyepewa nguo ya mwanamke avae, eti mkwezi wa kweli hafungwi kama mbuzi... na simu mkononi mwa Rehema inalalamika, Mama, unatikisa, simwoni baba, inua, inua juu, ni Mwanahamisi huyo, yuko Pangani kwa bibi yake mzaa baba, kakaa mkekani na bibi ubavuni, leo Jumamosi hakuna shule, kaahidiwa tangu juzi kwamba atamwona baba yake akikwea mti wa Uarabuni, basi Rehema anaishika simu kwa mikono miwili, anainua, huyo hapo baba yako, umemwona, nimemwona, mbona mdogo hivyo, kwa sababu yuko juu mwanangu, yuko juu sana.

Na kila mtu anafurahi, hilo ndilo linalomtisha zaidi, watu wakifurahi hawaangalii, joto limekatika, Novemba imeingia na upepo wake wa baridi kidogo unaopita hapa Umm Salal ukisukuma vumbi na majani makavu, na familia nzima ya Mama Khalid, bosi wa Rehema na Abubakari, imetoka Doha kuja kusafisha shamba lao, mwaka mzima wamejifungia na viyoyozi, leo wamefungua milango yote kama watu waliotoka kifungoni, watoto watatu wana reki, wanakusanya majani ya mkunazi wanayatupa wenyewe kwa wenyewe badala ya kuyatia kwenye toroli, baba yao anapuliza makaa na kujisifu kwa mishikaki ambayo bado ni mibichi, jioni wameahidiana kutembea kwa miguu hadi kule kwenye vilima vya mawe, wote, na Abubakari awaongoze, nani mwingine, na Mama Khalid mwenyewe kavaa glavu, kachutama kwenye tuta, anapanda miche ya nyanya, na kila akishapanda mche mmoja anamwambia Rehema kwa kile Kiarabu cha taratibu anachotumia kwao wawili, vuta hewa, Rehema, huu ndio msimu, huu ndio tunaoungojea, na Rehema anajibu ndiyo Mama, hewa nzuri Mama, huku macho yake yako mtendeni.

Kwa sababu yeye hakuungojea msimu huu, yeye aliuogopa, tangu mwezi wa saba alikuwa akiomba kimoyomoyo joto liendelee, nani duniani anaomba joto la Doha liendelee kama si mwendawazimu, lakini joto lilikuwa linawabebea mzigo, mwezi wa saba Abubakari alipodondoka bafuni, nyuma ya nyumba ya Mama Khalid pale Abu Hamour kwenye chumba chao, walisema joto, akanywa maji ya chumvi na sukari wakacheka, mwezi wa tisa akasimama jikoni na kikombe mkononi, macho wazi, neno limekatika katikati, Rehema akamwita, akamgusa, hakuwepo, mtu yupo na hayupo, kikombe kikamtoka, kisha magoti yakamtoka, wakasema joto tena, joto na kufunga milango, na Alhamisi hii, juzi tu, asubuhi ya baridi mpaka Rehema alijifunga khanga mbili, Abubakari yuko kitandani anafunga kamba za viatu, anasema leo nitapitia njia ya... na hakumaliza njia ya wapi, macho wazi, vidole vimeshika kamba, kisha akateleza taratibu mpaka sakafuni, na hapakuwa na joto la kusingizia, hapakuwa na kitu cha kusingizia, Rehema akamlowesha uso, akamsomea alichokumbuka, alipozinduka akauliza mbona unalia, nani kafa, akajifuta, akachukua funguo za gari.

Akachukua funguo za gari, hapo ndipo panapomrudia usiku na mchana, akatoka nje akawafungulia mlango watoto wa Mama Khalid, Khalid mbele, Nura na yule mdogo nyuma, Nura akampungia Rehema mkono kupitia kioo, naye Rehema, mtu mzima, mama wa mtoto, akapunga pia, akabaki langoni na ufagio akifagia mahali pamoja hadi gari liliporudi, na Abubakari akashuka akipiga mluzi, akamwambia kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya mapenzi, usimwambie mtu, mke wangu, dereva anayezimia ni dereva wa wapi, watanirudisha, na wewe watakurudisha, nyumba ya Pangani imefika kwenye linta, tuipaue kwanza, tukishaipaua nitakwenda hospitali hata kumi... na yeye akasema sawa, amekuwa akisema sawa tangu mwezi wa saba, wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, sawa, wanasema, lakini wahenga hawakuwahi kutafuta kazi Ghuba... na juzi jioni aliposikia Mama Khalid akisikitika kwamba makuti makavu yataning'inia hadi mtunza shamba arudi, si ndiye yeye Abubakari aliyejigonga kifua, Mama, mimi mtoto wa mkwezi, niachie mimi, hakuna aliyemwomba, hakuna, ni sifa tu, sifa na kutaka kuonekana mzima, mtu mgonjwa ndivyo alivyo, hujitafutia mlima.

Panga limenyamaza.

Mbona limenyamaza, lilikuwa linasikika, ka, ka, ka, kuti linavunjika linateleza linaanguka watoto wanashangilia, sasa halisikiki, Rehema anatazama juu ya simu, si ndani ya simu, juu, jua linamchoma macho, anaona nyayo, nyayo ziko, anaona mgongo wa ile fulana ya bluu, mgongo haujongei, mkono wa kulia umenyooka na panga limesimama hewani, anawaza nini, anatafuta kuti la kukata au hayupo, mtu yupo na hayupo, ee Mola, macho yake yako wazi kule au yamefanyaje, laiti angeona macho, kutoka hapa ni kisogo tu, na mdomo wa Rehema unafunguka wenyewe, Baba Mwana... na simu inasema kwa sauti ya kikongwe, haraka, kali, sauti iliyokuwa kimya muda wote:

"Usimwite. Rehema, usimwite mwanangu. Mkwezi haitwi."

Anafunga mdomo, meno yanagongana, ndiyo, mkwezi haitwi, tangu aolewe katika nyumba ile hakuna neno alilolisikia zaidi ya hilo, hata wageni wafike, hata nyumba iungue, mtu akiwa juu ya mnazi hutaji jina lake, unakaa chini unangoja ashuke kwa miguu yake, na sababu kila mtu Pangani anaijua ingawa hakuna anayeisema mbele ya bibi, ni yeye bibi, siku hiyo alikuwa bado mke kijana, alifikiwa na wageni kutoka Muheza akatoka uani akamwita mumewe aliyekuwa juu anaangua, mara moja tu, kwa jina lake, na mume akaja chini, lakini hakuja kwa miguu, na tangu hapo bibi anaamini ulimi wake ndio uliomwua, na mtaa mzima ukaamini, na Abubakari, aliyekuwa mtoto wa kutambaa, akakua akiamini, ndiyo maana haogopi, masikini, ndiyo maana kauacha mkanda bandani, mara ngapi kamwambia Rehema, baba alianguka kwa sababu aliitwa, mimi nikiwa juu haniiti mtu, basi siwezi kuanguka... na wote wamenyamaza kwa ajili yake, bibi kule, Rehema hapa, kimya cha watu wawili kimeshikilia mtu mmoja mtini.

Ka. Panga limelia tena, ka, kuti linashuka, Nura anapiga makofi, alikuwa anatafuta kuti tu, alikuwa anapumzika, na Mwanahamisi anacheka ndani ya simu, na Rehema anaegemea toroli, Mama Khalid anamwuliza kama amechoka, anasema hapana Mama, kivuli, nitafute kivuli kidogo, lakini hasogei, kwa sababu kuna kitu kimemkaa kichwani na hakitoki, kile kikombe, kwa nini kikombe, kikombe cha mwezi wa tisa... si kile, ni kingine, kikombe cha bibi, mwaka jana likizoni, walikuwa uani wanachagua mchele wa Idi, bibi alikuwa na furaha siku hiyo na akiwa na furaha humtaja marehemu mumewe, akasema bwana yule alikuwa na jini lake dogo, jini la upole, halikumdhuru mtu, likimpitia hukatika katikati ya maneno, kikombe mkononi, macho wazi, unamwita hakusikii, mara kikombe chini, kisha mwenyewe chini, anaamka anauliza mnalia nini, na wakacheka, bibi na Rehema, ungo mapajani, walicheka wote wawili.

Anaamka anauliza mnalia nini.

Ni yale yale, neno kwa neno, macho kwa macho, halikuwa jini na halikuwa joto na haukuwa ulimi wa bibi, mzee yule alikuwa mgonjwa, alikuwa mgonjwa na watu wakamnyamazia, wakampa ugonjwa jina la upole wakamwacha akwee, na siku ile kule juu ukampitia, angeitwa asingeitwa ungempitia, na bibi wa watu kalala na dhambi isiyo yake tangu ujana wake hadi leo meno yamemtoka, na damu ile ile imemwachia mwanawe maradhi hayo hayo, yuko pale, hana viatu, hana mkanda, anakata makuti ya watu ili asionekane mgonjwa, na mimi ndiye nimekuwa mtaa mzima, anawaza Rehema, mimi peke yangu ndiye ule mtaa, nimesimama chini natazama... kisha wazo jingine linakuja nyuma ya hilo, baya zaidi, kwamba mtende huu utakwisha, atashuka salama Mungu akipenda, atakula mishikaki, jioni atawaongoza kwenye vilima, na kesho Jumapili, huku ni siku ya shule, asubuhi atachukua funguo za gari.

Anaogopa, hajawahi kuogopa hivi hata siku ile ya kwanza uwanja wa ndege, anaogopa mtende, anaogopa ule uso mweupe wa Mama Khalid ulioinama juu ya nyanya, uso uliomfaa kwa mambo mengi, anaogopa tiketi ya kurudi na nyumba yenye linta bila paa na Abubakari atakayekaa barazani bila kumsemesha, huenda asimsemeshe tena kabisa, ataona kasalitiwa na mkewe mbele ya bosi, na hana uwezo wa kumwambia kabla, akimwambia kabla atamlaza kwa maneno matamu kama siku zote, anamjua, anajijua, na miguu yake inatembea, haikungoja ruhusa, inapita juu ya makuti yaliyoanguka, mwiba unamchoma kupitia ndala, anausikia kwa mbali kama wa mtu mwingine, simu kaigeuza kifuani, Mama, giza, Mama, mbona giza, na sauti ya bibi nyuma inauliza kuna nini huko, subiri bibi, na wewe nina neno lako, nitakupigia usiku tukae wawili, subiri... anachutama kando ya tuta, karibu kabisa, kwa sauti ambayo mtu wa juu hawezi kuisikia, Kiarabu chenyewe cha jikoni, maneno machache aliyonayo yote ni ya sahani na sabuni na watoto, anayapanga hayo hayo.

"Mama. Mume wangu mgonjwa. Anaanguka, macho wazi. Alhamisi ameanguka chumbani, kisha amewapeleka watoto shule. Mimi nimejua. Mimi nimenyamaza."

Mama Khalid anabaki na mche mkononi, mizizi inadondosha udongo kwenye glavu, na Rehema anangoja atazame juu, kwenye mtende, lakini hatazami juu, anatazama kule kwenye majani, kwa Khalid, kisha kwa Nura, kisha kwa yule mdogo aliyejifukia mpaka kiunoni anacheka, anawatazama mmoja mmoja kama anayewahesabu, na uso wake unabadilika, na Rehema anautambua uso huo, ni ule aliokuwa nao yeye langoni na ufagio, kwa hiyo hainamishi macho, anabaki kachutama pale pale, mkono umeikandamiza simu kifuani, na juu yao Abubakari anapiga mluzi, anauliza kwa sauti kubwa kama abakishe makuti mangapi.