Jasho la Ruta

Mimi ni fundi wa mafriji, na kwa miaka kumi na minane sijawahi kushindwa na joto. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu ndicho kiburi kilichoniponza. Niletee friji inayonung'unika, isiyogandisha, iliyokwisha kukata tamaa, nitaiinamia nusu saa tu, na kabla chai uliyonikaribisha haijapoa itakuwa inatoa ukungu. Kwa hiyo mke wangu alipoanza kulalamika kwamba ruta yetu ya intaneti inachemka na kumwangusha katikati ya kazi, sikuona sababu ya kumwita mtu mwingine.

Mke wangu ni mwalimu wa hesabu. Mimi humwita mwalimu, yeye huniita fundi, na majirani wametuzoea hivyo. Alikuwa na ujauzito wa miezi saba, na kwa kuwa miguu ilimvimba hata ndala hazikumwingia, alikuwa akifundisha kutoka nyumbani kwa kompyuta, miguu mitupu. Mwaka juzi tulipoteza mimba ya miezi mitano. Tangu hapo habari ya mtoto tuliizungumza kwa sauti ya chini, kama watu wanaopita karibu na mbwa aliyelala.

Shule moja ilitaka kumwajiri moja kwa moja. Wakubwa wa shule wangeingia mtandaoni kumtazama akifundisha, Alhamisi, saa nne asubuhi. Na ruta yetu ilikuwa na tabia ya kumgandisha uso mdomo wazi kila anapofika kwenye jibu.

Nikaingia mtandaoni kutafuta dawa. Kumbe ndani ya ruta kuna chipu inayofikiri kwa niaba ya kifaa kizima, na kiwanda huiwekea mwendo wake. Ukibadilisha programu unaweza kuiambia ikimbie zaidi. Jamaa aliyekuwa akieleza kwenye video alinichosha kwa tahadhari zake: pandisha mwendo kidogo kidogo, acha siku nzima uone, bandika kibati cha kutawanya joto, inyanyue ruta ipate hewa kwa chini, weka na kifeni kidogo kama una wasiwasi. Joto likizidi, rudisha mwendo ulikoutoa. Nikamcheka peke yangu sebuleni. Kifeni! Kumwambia fundi friji aweke kifeni ni kumwambia mpishi wa harusi achemshe maji.

Nilipandisha mwendo wote kwa mkupuo mmoja. Chipu ikafika nyuzi themanini na tano, ukigusa ganda la ruta unautoa mkono mbio. Sawa, nikasema, sasa ndio utanijua. Nilikuwa na mashine mbovu ya maji ya kunywa, na ndani yake mna kibati cha ajabu: ukikipa umeme, upande mmoja huwa baridi na upande wa pili huchemka. Nikakitoa, nikafungua ruta, nikakibandika upande wa baridi juu ya chipu. Nyuzi zikaporomoka hadi kumi na sita. Mwalimu akapiga simu ya video ya kujaribu na picha yake ikatulia kama ya ukutani. Akanipigia makofi mawili. Nilivimba kichwa siku mbili nzima.

Ruta ilikaa kwenye rafu, juu kidogo ya meza yake ya kazi. Meza yenyewe ya chuma, nilimchomelea mimi kwa fremu ya friji ya dukani. Chini ya ubao nikaifunga ekstensheni ya umeme kwa waya, ili mwalimu asijikwae kwenye nyaya na tumbo lake lile. Niliwaza mambo yote hayo, ndugu yangu. Kila kitu nilikifanya kwa ajili yake.

Alhamisi asubuhi nilimwambia azime simu, aweke komeo mlangoni, avae hedifoni, asimsikilize mtu. Kisha nikaenda kazini.

Kazi ilikuwa kwenye duka la dawa, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu. Mama mwenye duka ana friji ya kuhifadhia dawa, na sakafuni mbele yake palikuwa na kidimbwi. Mama huyu haamini mafundi. Alinisimamia, mikono kiunoni, tangu nilipoingia.

"Fundi, nieleze kitu kimoja. Friji hii haina bomba. Sijaweka hata kikombe cha maji ndani. Haya maji yanatoka wapi?"

Napenda sana swali hilo. Nikaweka bisibisi chini, nikajifuta mikono, nikajiweka sawa kama mhubiri.

"Mama, maji yamo humu humu hewani. Unayavuta puani sasa hivi. Kitu cha baridi kikikutana na hewa yenye joto, lazima kitoe jasho. Ndiyo maana sisi mafundi hatuachi baridi wazi. Tunaifunika kwa sponji, tunaziba kila mahali, hewa isiguse. Hapa kwako sponji imechanika, umeona? Jasho linatiririka, linafuata waya, linashuka mpaka kwenye..."

Sikumaliza. Nilikuwa nimenyoosha kidole kwenye soketi ya ukutani, na kidole kikabaki hapo hapo hewani.

Kibati changu nilikuwa nimekiacha wazi. Sikukizungushia sponji hata kipande. Siku mbili mchana na usiku kilikuwa kinatoa jasho juu ya rafu, na waya wake ulishuka kutoka rafuni, ukapita nyuma ya meza, ukaingia moja kwa moja kwenye ekstensheni niliyoifunga kwa mikono yangu chini ya meza ya chuma. Na mezani hapo ameegemea mwalimu, miguu mitupu juu ya saruji.

"Fundi? Fundi, unaumwa?"

"Mama, saa ngapi?"

"Saa nne na dakika ishirini. Kaa chini kwanza, umepauka."

Nilitoka bila kuchukua begi la vifaa. Nilisikia ananiita, nikasikia akisema nilijua, hawa watu ndivyo walivyo. Nilimpigia simu mwalimu huku nakimbia. Imezimwa. Nikapiga tena kana kwamba simu ingenionea huruma. Imezimwa. Kisha nikampigia jirani yetu wa mlango wa pili, tunayemwita Mama Cherehani kwa kuwa anashona kutwa.

"Mama Cherehani, nenda kagonge kwangu, gonga kwa nguvu! Mwambie mwalimu atoke mezani, asiguse meza!"

"Meza imefanya nini?"

"Ina umeme!"

Nilimsikia akitupa kitu na kukimbia, nikasikia kofi lake kwenye mlango wangu, moja, mbili, kumi. Alikuwa akiita kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Hasikii! Yumo anaongea na watoto wake hasikii! Na kafunga kwa ndani!"

"Basi zima swichi kuu, pale kwenye boksi la mita!"

Nikasikia akilitikisa boksi. Kisha akasema, "Boksi lina kufuli, fundi. Si wewe ulilifunga, mapacha wangu walipochezea mita?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nausikia ukinigonga paja kila hatua.

"Livunje!"

"Kwa kitu gani, kwa mkasi?"

Nilitaka kulia pale pale barabarani, mtu mzima na ndevu zangu. Nikaona pikipiki, nikairukia kabla haijasimama vizuri, nikamwambia mwenyewe aendeshe tu, nitamwelekeza. Simu bado ilikuwa sikioni. Upepo ukawa mwingi, sauti ya Mama Cherehani inakuja na kupotea. Kisha ikaja wazi kabisa.

"Fundi, sasa simsikii tena."

"Humsikii vipi?"

"Alikuwa anaongea. Sasa amenyamaza. Nimeweka sikio mlangoni, kimya."

Sijui kama umewahi kuogopa mpaka mwili ukakuasi. Simu ikaniponyoka, nikaisikia ikidunda lami nyuma yetu. Mwenye pikipiki akataka kusimama, nikampiga mgongoni kwamba twende. Kichwani niliona kitu kimoja tu, mwalimu ameinama juu ya meza niliyomchomelea, na hedifoni masikioni, na watoto thelathini kwenye kioo wanamwita. Mganga hajigangi, watu husema, kisha hucheka. Nilikuwa nikilisema mwenyewe kwenye nyumba za watu, nikiona taa za fundi umeme haziwaki. Siku hiyo nililisikia kwa maana yake. Niliomba. Nilimwambia Mungu achukue mkono wangu, wowote, hata wa kulia wenye kazi.

Tulipofika sikumlipa yule kijana, wala hakunidai. Mama Cherehani alikuwa bado anapiga mlango kwa viganja vyote viwili. Nililivamia boksi. Ufunguo ulikataa kuingia mara tatu, na mara ya nne ukaingia, nikavuta swichi chini.

Feni ndani ikapunguza mwendo, ikasimama. Hakuna kilichosikika. Nilisimama mbele ya mlango wangu mwenyewe nikaogopa hata kuusukuma. Nilijua nikiita nisipojibiwa, basi.

"Nani amezima umeme?" sauti ya mwalimu ikapasuka ndani. "Fundi! Mama Cherehani! Nani huyo mpumbavu, nina mtihani wangu hapa!"

Nikakaa chini pale pale kwenye saruji. Komeo likavutwa. Akasimama juu yangu, hedifoni shingoni, macho ya moto.

"Ni wewe? Wakubwa wote wananitazama! Nimewapa watoto zoezi la dakika tano, ndio wanaanza kunijibu, unanizimia? Wewe ndiye uliyesema nisisumbuliwe!"

Nilimshika kifundo cha mguu kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Kilikuwa cha moto na kimevimba, na kilikuwa hai. Alipoona uso wangu akanishika bega.

Mama Cherehani akamkalisha kitini kibarazani. Mimi nikaingia, swichi ikiwa chini, nikainama chini ya meza. Waya wa kibati ulikuwa umelowa kuanzia juu hadi chini, na tone moja lilikuwa linaning'inia kwenye ekstensheni. Nikalitazama mpaka likadondoka. Nikaukata ule waya kwa kisu cha jikoni, nikatoka.

"Mwalimu, hii meza haikukuuma?"

"Inanichomachoma mkono nikiegemea," alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Leo imezidi, mpaka kwenye kiwiko. Nesi si alisema mikono hufa ganzi ujauzito ukikua? Nikajua ndio hiyo."

"Na mtoto?"

Akaweka kiganja tumboni. Niliona anasikiliza kwa mkono.

"Asubuhi alicheza sana, tangu nilipokaa mezani. Sasa ametulia."

Mama Cherehani akainuka hapo hapo. Alikwenda kumwita yule wa pikipiki, wakarudi na gari la jamaa wa kijana huyo.

Zahanati ilikuwa na watu wachache. Mkunga, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, alimlaza mwalimu, akampaka mafuta tumboni, akaanza kupitisha kifaa chake cha kusikilizia mapigo. Kikanguruma tu. Akakisogeza. Kikanguruma. Nilihesabu vigae vya ukutani, nikafika kumi na moja, nikavisahau. Mwalimu alikuwa ananitazama mimi, si mkunga, na sikuwa na uso wa kumwonyesha.

Kisha pakatoka sauti ndogo, ya haraka haraka, kama mtu anayekimbia mbali sana.

"Moyo upo," mkunga akasema. "Unakwenda kasi kuliko ninavyopenda. Kaeni nje nusu saa, nisikilize tena. Mama, akicheza uniambie. Mmesema umeme umemshika, ni umeme wa nini?"

Mwalimu akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta uongo wa kunisitiri, kwa sababu watu wa mtaa mzima ndio wateja wangu.

"Nimeutengeneza mimi," nikasema.

Mkunga akaniangalia kidogo, akaandika kitu.

Tukakaa kwenye benchi la korido. Nilivua viatu vyangu nikamwekea miguuni, vikubwa, vikamwingia. Ile habari ya ajira hakuna aliyeitaja.

"Ilianza lini kukuchoma?" nikamuuliza.

"Jana."

"Jana! Na hukuniambia?"

Akanigeukia taratibu. Hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa nayo.

"Nilikuambia, fundi. Jioni, ulikuwa umesimama kwenye kiti unaitazama ruta. Nikasema, meza hii inanichoma. Ukasema, 'Ni baridi hiyo, mwalimu, utaizoea.' Basi nikajua, anayejua ni wewe."

Nikayatafuta maneno hayo kichwani. Nilikumbuka kiti, nilikumbuka taa ya kijani ya ruta ikiwaka vizuri, nilikumbuka furaha yangu. Yeye sikumkumbuka kabisa kuwa chumbani. Nilikuwa nimemjibu bila kumsikia, na jibu lenyewe lilikuwa zuri, la kifundi, angeweza kulipokea mtu yeyote.

 Mwalimu akanishika mkono akauweka tumboni pake, tukakaa hivyo tukingoja, watu wanapita na mafaili yao.

Mlango ukafunguliwa, mkunga akatuita.

"Amecheza?" nikamuuliza mwalimu akiwa ananyanyuka.

"Bado," akasema, tukaingia.