Kijiwe cha Mtaalamu

Mimi mtu akinidanganya kwa akili, namvulia kofia. Lakini kunidanganya kwa somo la sayansi nililofundishwa juzi tu darasani, hapana, hapo amenitukana.

Bibi yangu ni fundi cherehani, na ile cherehani ndiyo inayotulisha nyumba nzima. Wateja walipopungua, hakulilaumu duka jipya la nguo lililofunguliwa ng'ambo ya barabara. Alisema tumerogwa. Akamwita bwana mmoja aliyejiita Mtaalamu, aliyekuwa amepita kwa jirani. Huko alitia kijiwe majini, maji yakawaka moto, na jirani akatoa friji yake ili nyumba isafishwe. Kwetu alikuwa ameshaitaka cherehani. Nilikasirika.

Kwa jirani nilichungulia dirishani, nikaona yote. Kijiwe kilitolewa kwenye chupa inayonuka mafuta ya taa, kikakatwa kwa kisu kama sabuni, ndani kinang'aa. Majini kikaelea, kikakimbia huku na huku, kisha moto wa manjano. Mwalimu wetu alituonyesha kitu hichohicho. Ni sodiamu, metali laini, nyepesi kuliko maji na isiyopatana nayo hata kidogo, ndiyo maana huhifadhiwa ndani ya mafuta. Nilimweleza Bibi. Akaniuliza tangu lini yai likamfundisha kuku.

Basi Mtaalamu akaja, akakaa, akafumba macho, akaagiza maji kwenye bakuli. Wa kutumwa nani kama si mimi? Nikaenda jikoni kwa adabu zote, nikamimina bakulini mafuta ya kumpaka mtoto mchanga wa dada, yale yasiyo na rangi wala harufu, nikayaleta kwa mikono miwili na kupiga goti.

Akatangaza kwamba nyumba ikiwa na adui, jiwe litawaka. Akalitia. Likazama chubwi, likalala chini. Tukasubiri. Mtaalamu akakohoa, akayarudia maneno yake kwa sauti kubwa zaidi. Jiwe lilitulia kama mgeni aliyeshiba.

Bibi alilia kwa furaha kwamba nyumba yake ni safi. Mtaalamu hakufurahi. Alisema maji yale yana kasoro, akakata kipande kingine kikubwa zaidi, akakibana kwa koleo, akaniagiza nimletee mengine, na safari hii akanifuata kwa macho hadi bombani. Nikaleta maji ya kweli huku roho iko mkononi, maana ujanja ulikuwa umeniishia.

Lakini kabla hajakitia, Bibi akamshika mkono. Alisema nyumba yetu imeshapimwa na imeonekana safi, kuipima tena ni kukufuru. Ila yeye Mtaalamu anaingia nyumba nyingi mbaya, je, ana hakika hakuna kilichomganda? Mtaalamu akajibu haraka kwamba mpimaji hajipimi. Bibi hakungoja. Alichukua lile koleo lenye kipande.

"Hiki ni cha kwako, baba," akasema, akakidondosha.

Kikachachatika, kikakimbia, kikawaka, halafu paa! Mtaalamu aliruka hadi mlangoni. Bibi alimtazama kwa huzuni ya kweli kabisa.

"Kumbe mchawi ni wewe. Nenda, na friji ya jirani uirudishe."

Aliondoka bila chupa yake wala kiatu kimoja. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nacheka hadi mbavu zinauma. Bibi akanigeukia, akataka kujua kuna nini cha kuchekesha, nikaona bora nitoboe yote: mafuta, maji, sodiamu. Alisikiliza bila kunikatiza, mkono wake ukiwa juu ya cherehani.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Bibi."

Aliona aibu, nami nikamwonea huruma, kicheko kikaniishia. Kisha akavuta kigoda, akakiweka karibu yake.

"Haya, kaa," akasema. "Niambie tena."