Hamkupima Mlango

Kazini walimwita Mama Ripoti, naye alilijua jina hilo na wala halikumkera. Kwa miaka minne aliongoza shirika dogo lililogawa viti vya magurudumu bure kwa watu wasioweza kutembea, na kila mwisho wa mwezi ripoti yake iliwafikia wafadhili ikiwa imenyooka kama shati lililotoka kwenye pasi. Viti mia mbili na kumi na viwili vilishatolewa. Viliendaje baada ya kushushwa garini, hakuna aliyeuliza.

Jumamosi moja alikwenda kumjulia hali shangazi yake, aliyepooza upande mmoja na aliyepata kiti kwa kupanga foleni kama wengine. Alikikuta uani, kimeanikwa mashuka. Shangazi alikuwa chumbani, amelala akitazama ukuta.

"Shangazi, mbona kiti kiko nje?"

"Hakipiti mlangoni, mwanangu. Mlikuja mkanipima kiuno, mkanipima na miguu. Mlango hamkuupima."

"Miezi saba yote hii, hukuniambia?"

"Siku ile ulikuwa unanipiga picha, umejaa furaha. Nikaona haya kukuharibia."

Jumatatu aliteremka hadi karakana, nyuma ya ofisi, ambako fundi wa viti alikuwa akiziba pancha. Akamweleza yote. Fundi, mtu mzima wa maneno machache, hakushtuka. Alifuta mikono, akamwambia bila kinyongo kwamba jambo hilo alilisema kikaoni miaka mitatu iliyopita.

"Ukasema haliko kwenye ajenda, niliandike. Sasa mimi na kalamu, Mama, hatuelewani."

Alikumbuka kikao kile. Alikumbuka hata jinsi alivyofunua ukurasa uliofuata wakati fundi bado anazungumza. Akakaa juu ya boksi la mipira ya magurudumu, moyo ukimsuta.

Wiki tatu mfululizo wawili hao walizunguka nyumba kwa nyumba, futi mkononi. Walikuta kiti kilichogeuzwa kiota cha kuku, na kingine bado kimo ndani ya nailoni yake, kinatunzwa kama sahani za wageni. Walimkuta pia mwalimu aliyerudi darasani kwa sababu ya kiti chake, na hapo wakapata nguvu ya kuendelea. Mwisho wa yote, viti vilivyokuwa vinakaliwa kweli vilikuwa tisini na kimoja.

Mwenyekiti wa bodi alimshauri kwa upole asiiandike idadi hiyo. Ukijikuna mbele za watu, alisema, watakuambia una upele. Alilitafakari neno hilo siku mbili, maana halikuwa la kipuuzi: wafanyakazi tisa walikula kupitia ripoti zake. Siku ya tatu aliandika kila kitu, na palipohitaji jina la aliyekosea akaweka la kwake. Mfadhili mmoja alijitoa. Mwaka uliofuata viti vikapungua, lakini hakuna hata kimoja kilichotoka kabla fundi hajafika nyumbani kwa mhusika, na seremala akaajiriwa kupanua milango. Wa shangazi ulikuwa miongoni mwa ile ya mwanzo.

Kilichomshinda ni vikao. Alitangaza kwamba kila Ijumaa wataanza na jambo lililoharibika, na yeye ndiye angetangulia. Wiki nne alisema peke yake. Wenzake walidhani ni mtego.

Ijumaa ya tano dereva alikohoa. Alisema, huku akisugua magoti, kwamba miezi miwili nyuma alichanganya viti viwili: cha mtoto alikipeleka kwa mtu mzima, na cha mtu mzima kwa mtoto. Aligundua siku ileile, akanyamaza.

Karipio lilimfika Mama Ripoti kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Ilikuwaje?" aliuliza tu.

Dereva akaeleza kuwa mvua ilifuta maandishi kwenye lebo. Mtunza stoo akadakia kwamba lebo zile huzifuta hata jasho la mikono, ila yeye alidhani kila mtu anajua. Fundi akasema afadhali namba ipigwe kwenye chuma chenyewe. Dereva akabisha: chuma kitapata kutu. Wakaanza kujibizana, sauti zikipanda, mikono ikichora hewani. Yeye akasogeza kiti chake nyuma kidogo, akawasikiliza.