Projekta ya Upande wa Kulia

Mume wangu hajui kufanya hila, na hilo linanichekesha mpaka leo. Kila akijaribu, masikio yake hucheza kwanza.

Tulikuwa tunagombea chumba alichokiacha binti yetu alipoolewa. Mimi nilikitaka kwa cherehani yangu. Yeye alikitaka kwa gofu ya ndani: unapiga mpira wa kweli kwenye turubai jeupe, kifaa kinapima ulivyokwenda, na projekta inakuonyesha uwanja mzima na mpira wako ukipaa. Tulibishana mpaka wifi yangu, dada yake, akachoka kutusuluhisha.

"Chezeni hiyo gofu yenu," akasema. "Atakayeshinda achukue chumba, na mwenzake afunge mdomo."

Mume wangu akakubali haraka mno. Uwanjani huwa namshinda, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

Fundi alipokuja na projekta mbili kutufungia gofu chumbani humo kwa ajili ya shindano, jambo lenyewe likajitokeza.

"Hii inarusha picha kwa karibu," fundi alieleza. "Naitundika mbele ya mchezaji, kivuli cha mtu hakionekani. Hiyo nyingine inataka umbali. Itakaa nyuma yenu, na mtu akisimama vibaya ataziba picha."

"Nataka ya nyuma," akasema mume wangu. "Mwanga wake mkali. Nataka kuona kila jani."

"Niiweke katikati?"

"Kulia. Kulia kabisa, karibu na ukuta." Masikio yakacheza.

"Kuna anayepiga kwa mkono wa kushoto hapa?"

"Hakuna, fundi. Hakuna kabisa."

Mimi nilikuwa mlangoni nasikia yote. Mimi ni mashoto tangu kuzaliwa. Walimu walinichapa weee, nikabaki vilevile. Anayepiga kwa kulia husimama kushoto kwa mpira, na mwanga ukitoka kulia unampita. Mimi nasimama upande wa pili, palepale mwanga unapopita. Nilikasirika, nikafungua mdomo nimwumbue mbele ya fundi. Kisha nikaufunga. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumamosi wifi akaketi karibu na mlango awe mwamuzi. Nikashika fimbo, nikasimama kwenye mkeka. Kivuli changu kikameza uwanja, bendera na shimo lake, pakabaki umbo la mama mnene aliyeinama.

"Aa, pole mke wangu!" mume wangu akalia kwa uchungu wa kununua. "Wala sikufikiria!"

"Kaka, huna haya," akasema wifi. "Tuahirishe?"

"Tuendelee, wifi," nikajibu.

Bendera nilikuwa nimeiona kabla sijasimama. Ukishasimama, kazi yako ni kutazama mpira ulio miguuni, basi. Mbele yangu palikuwa giza, sikuwa na sababu ya kuinua kichwa. Nikapiga, nikasogea pembeni kuangalia. Mpira ulikuwa umelala jirani na shimo.

Zamu yake ikafika. Projekta ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Nyasi ziling'aa na ziwa lilimeremeta. Ila mume wangu ana ugonjwa wa siku zote: huinua kichwa kabla fimbo haijaugusa mpira, ili auone ukiruka. Sasa alikuwa ameununulia ugonjwa huo taa. Mpira wa kwanza ulizama ziwani, wa pili ukapotelea vichakani.

"Tazama chini, kaka!" wifi akapiga kelele. Damu nzito kuliko maji.

"Natazama!" akajibu, macho yakiwa juu.

Tulipomaliza shimo la mwisho hapakuwa na haja ya mwamuzi. Mume wangu akakaa sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka, maana nampenda hata akiwa mjinga.

"Chukua chumba," akasema. "Cherehani nitakubebea mwenyewe."

"Cherehani inakaa vizuri palepale sebuleni. Gofu ibaki humu. Nimeipenda."

Uso ukamchangamka. "Kwa hiyo na mimi nitaruhusiwa kucheza?"

"Utaruhusiwa, baba," nikamwambia. "Ila uwe unapiga hodi."