Mboga Zisizo na Udongo

Asubuhi ya Jumamosi Mukashema alikuwa akibadilisha maji ya mboga zake. Alianza na pipa lililo karibu na mlango. Aliinua ubao wenye matundu, spinachi zikiwa zimesimama juu yake na mizizi ikining'inia chini, myeupe, inachuruzika maji, akauegemeza ukutani pasipofika jua. Kisha aliliinamisha pipa, akamwaga maji ya zamani kwenye mfereji uendao migombani. Maji yalipokuwa yakitoka yalisema yaliyosemwa barazani wiki ile: Mukashema akimgombeza mbuzi, Mukashema akiimba wimbo wa kanisani na kupotea kwenye ubeti wa pili, mke wa jirani akiomba chumvi. Yalipokwisha yakazama ardhini. Akalisugua pipa kwa majivu, akalijaza maji mapya, akatia mbolea ya chumvichumvi kifuniko kimoja cha soda, akarudisha ubao.

Kilimo hicho kililetwa Nyaishozi mwaka wa themanini na sita na mtaalamu mmoja wa mradi, mtu mpole mwenye soksi ndefu, wakati fukusi walipokuwa wanaangusha migomba. Alifundisha semina nzima namna ya kuotesha mboga kwenye nusu pipa la maji bila udongo. Hakusema kwamba maji yakikaa na mizizi hushika maneno ya watu. Lakini pia hakusema kwamba konokono hupanda mapipa, na wao walipanda, kwa hiyo hakuna aliyemlaumu. Alipoondoka, wenzake Mukashema waligeuza mapipa yao kuwa ya kukamulia ndizi za pombe ya rubisi. Mukashema yake matatu aliyaacha barazani, kwa sababu alipenda spinachi, na kwa sababu mjane hukaa siku nzima bila kusemeshwa na mtu. Maji yalipomrudishia sauti yake aliona si haba.

Shamba la nyumbani, kibanja, alikuwa nacho. Tena kibanja kizuri, migomba juu, maharage katikati, chini kinashuka hadi kijitoni. Mumewe, Telesfori, alikipata kwa jasho. Alimlimia mzee Rwegoshora tangu walipovuka kutoka Rwanda, akamlimia mpaka mgongo ukapinda, na mwisho mzee akasema, haya, huyu si kibarua tena, huyu ni jirani. Akampimia sehemu kwa hatua zake mwenyewe, akapanda mti wa mlamula mpakani. Huku Karagwe mlamula haupandwi kimyakimya. Huitwa mashahidi, hunywewa rubisi, na kuanzia siku hiyo hata mlevi anaujua mpaka ulipo. Mashahidi wa siku ile walikuwa mzee Protase na Evaristi, mdogo wake Telesfori. Sasa Rwegoshora alikuwa amekufa, Protase amekufa, na Telesfori amezikwa palepale kibanjani, hatua chache kutoka kwenye mlamula wake. Aliyebaki hai ni Evaristi.

Huyo Evaristi, Mukashema ndiye aliyemvusha Mto Kagera akiwa mgongoni, mtoto mwenye surua. Hakujaliwa kuzaa, basi mapenzi yote ya mtoto akayamimina kwa shemeji. Alimlea, akamsomesha mpaka darasa la saba, akamwoza mke, na mke alipokimbia ni yeye aliyempikia.

Mwezi wa tisa mwaka wa themanini na nane, dada yake Mukashema aliugua huko Bweranyange. Mukashema akafunga khanga zake, akamwachia Evaristi nyumba.

"Jumamosi umwage maji ya mapipa, uweke mengine," alimwambia. "Hata ukisahau kitu kingine, usisahau hicho."

"Shemeji, mimi ni mtoto?" alisema Evaristi. "Nenda kamuuguze dada."

Aliporudi alikuta mbuzi hai, nyumba imefagiliwa, na majani ya spinachi yamekuwa ya manjano. Maji yalikuwa mazito, yamebadilika rangi. Hayakuguswa. Akatikisa kichwa, akaufungua ubao wa pipa la mlangoni, akainamisha. Maji yakaanza kusema, na yalisema Kinyambo, lugha ya wenyeji.

"Kwa hiyo utasema hukuona," ilikuwa sauti ya Gosbert, mwana wa marehemu Rwegoshora.

"Mtungi wa rubisi niliushika mimi mwenyewe wakati baba yako anapanda mlamula," ilikuwa sauti ya Evaristi. "Nitasemaje sikuona?"

"Utasema mti ule ulikuwa wa kufungia mbuzi. Nani atabisha? Wote wako chini. Ukisema hivyo, sehemu ya kijitoni ni yako."

Maji yakatoa kikohozi cha Evaristi.

"Na shemeji?"

"Shemeji yako ana mapipa yake."

Hapo Evaristi akacheka. Kicheko kilikwenda na mfereji mpaka kwenye migomba, kikazama.

Evaristi alijua vizuri kwamba maji ya nyumba ile hushika maneno. Alikuwa amejisikia mwenyewe mara nyingi akikoroma. Ndiyo maana walizungumza Kinyambo. Aliamini kwamba kwa kuwa nyumbani huzungumzwa Kinyarwanda, maji yasingeijua lugha nyingine. Alisahau kwamba yalichotwa bondeni kwa Wanyambo, na yalikuwa Wanyambo kabla yake. Lafudhi yao ilikuwa safi kuliko ya kwake.

Mukashema alikaa juu ya kinu. Kibanja kilimuuma, ndiyo, na kaburi la mume wake lilimuuma, lakini kicheko kile kilimchoma zaidi. Alikijua tangu kikiwa cha meno ya maziwa. "Yesu wangu," alisema, "Evaristi wangu, kweli?" Kisha, kwa kuwa pipa lilikuwa tupu na mizizi inakauka, aliinuka akachota maji.

Jioni Evaristi aliingia, akakunja miguu barazani. "Shikamoo shemeji. Dada anaendeleaje?"

"Marahaba. Ana nafuu. Maji ulibadilisha?"

"Nilibadilisha."

Akampakulia ndizi na maharage. Evaristi akala.

Gosbert alipopeleka shauri la kudai kibanja kwenye kikao cha kijiji, Mukashema naye aliyachota maji ya pipa la pili, yaliyosikia yaleyale na ambayo hakuwa ameyamwaga, akayatia kwenye dumu, akaziba mdomo kwa kigunzi cha mahindi ili yasije yakaokota maneno ya barabarani. Akalibeba kichwani hadi ofisini. Wazee wa kikao walikuwa wameshakunywa rubisi aliyoileta Gosbert asubuhi, maana kikao kikavu hakiendi.

Evaristi alisema maneno yake: mti ulikuwa wa mbuzi, kaka yake aliazimwa tu mahali pa kulimia maharage. Alisema akiangalia vidole vya miguu.

"Mwenyekiti," alisema Mukashema, "nina maji."

"Yamwage nje, mama," alisema mwenyekiti, Methodius. "Humu tumepiga sakafu juzi."

Watu wakatoka uani. Mukashema akachomoa kigunzi, akamimina polepole ili kila neno lipate nafasi yake. Gosbert akasikika, Evaristi akasikika, mtungi wa rubisi, mbuzi, kijito, mapipa, kicheko. Kuku walisogea kuona kama kuna punje. Mwanamke mmoja nyuma alisema, "Loo! Fadhila ya punda," na hakuna aliyehitaji amalizie.

"Sauti ni ya Evaristi," alisema Shabani mwenye duka, aliyekuwa mjumbe. "Namuuzia sigara kila siku. Hata kile kikohozi ni chake."

"Hilo halina ubishi," alisema mwenyekiti. "Maji yamesema kweli, na tunayashukuru. Evaristi, haya ni maneno yako?"

"Ni yangu."

"Na leo, mbele ya kikao, unasemaje?"

"Mti ulikuwa wa mbuzi."

"Nilikubeba," alisema Mukashema. Hakupaza sauti. "Ulikuwa unachemka surua, watu wakaniambia nikutupe mtoni nijiokoe. Evaristi, niangalie."

Hakumwangalia.

Mwenyekiti alisubiri kwa heshima, kisha akaeleza. Maji yalikuwepo barazani siku ya njama, hilo kikao kinakubali. Lakini hayakuwepo siku ya kupanda mlamula. Aliyekuwepo ni Evaristi, na kikao hupokea analosema mtu akiwa amesimama hapa, si analosema akiwa ametulia kwa shemeji yake. Tena, akaongeza, na hapa wazee walitikisa vichwa kwa kuona kwamba ni jambo la busara, mama huyu ndiye mtu pekee kijijini anayelima bila udongo. Mtu wa namna hiyo, udongo wa nini? Nyumba abaki nayo kwa hisani ya Gosbert. Kaburi libaki lilipo, maana marehemu hana pa kwenda. Kahawa ipandwe kulizunguka.

"Lakini Telesfori alikifanyia kazi," alisema Mukashema.

"Tunajua, mama," alisema mwenyekiti. "Nani asiyejua?"

Mlamula uling'olewa Jumatatu. Gosbert alipanda miche yake ya kahawa mpaka kwenye msalaba wa Telesfori, kwa mistari iliyonyooka. Evaristi alipata sehemu ya kijitoni, akapanda maharage, na yakastawi. Mke wa mwenyekiti alikuja na adabu zake zote kuomba kuazima pipa moja na mche wa spinachi, kwa sababu kuna mtu alikuwa anaiba ndizi zao na walitaka kumsikia. Mukashema akamwazima, akamwonyesha kipimo cha mbolea. Mwizi alipatikana upesi, akapigwa faini, na kijiji kikasema kwamba yule mtaalamu wa soksi ndefu alikuwa na maana yake.

Na Evaristi alirudi kula. Siku za kwanza hakuja. Baadaye alikuja akasimama uani, kisha akakaa kwenye ngazi, kisha barazani mahali pake. Mukashema hakujua kupikia mtu mmoja. Sufuria yake ilikuwa imezoea. Alimpakulia akaingia ndani. Lakini shikamoo hakuisikia. Evaristi alikuwa amejifunza: mbele ya maji yale hakutamka neno, la Kinyambo wala la Kinyarwanda. Alikuja kimya, akaondoka kimya.

Jumamosi Mukashema aliinua ubao, akauegemeza ukutani, akainamisha pipa. Maji yalitoka taratibu. Zilisikika tonge zikimegwa na mtu mwenye njaa nzuri, matafuno, mbweu moja, halafu vidole vikikwangua sahani mpaka ikawa safi. Aliliinamisha pipa zaidi, akasubiri kama kuna neno lililobaki chini. Hapakuwa na neno.