Mikono Minne ya Mheshimiwa Tanchev

Jumatano asubuhi, kabla ya kengele ya kikao, mbunge Evlogi Tanchev aliketi katika mkahawa wa Bunge akila banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini. Mkono wake wa kulia ulishika kipande, wa kushoto ulishika kikombe. Mkono wa chini upande wa kulia, ambao ni wa Mheshimiwa Zahariev, uligonga meza mfululizo. Wa chini upande wa kushoto, wa Mheshimiwa Lechev, ulipapasa mifuko ya koti ukitafuta sigara. Ulipapasa kupitia kitambaa, maana alfajiri ile Zlatina, mkewe Tanchev, alikuwa amezishona ncha za mikono yote miwili ya ziada ya koti. Tanchev mwenyewe havuti sigara.

Mikono hiyo iliota baada ya mageuzi ya upigaji kura. Zahariev ana hoteli pwani, na Lechev anaishi kwa binti yake Vienna. Viti vyao viko kulia na kushoto kwa Tanchev, na kwa miaka mingi walikuwa wakiacha kadi zao kwenye mashine za kura, naye akiwabonyezea vitufe, kama kila mtu alivyombonyezea jirani yake. Magazeti yalipopiga kelele, Bunge lilinunua mashine zinazotambua kidole cha mwenye kadi. Wiki iliyofuata Tanchev aliwashwa chini ya makwapa. Kufikia mwisho wa mwezi vidole vilikuwa vimekamilika, kucha na yote, na mashine zilivitambua bila shida. Daktari wa Bunge alimpima presha, akamwandikia vidonge vya kalsiamu.

Zlatina alichukua vipimo vya mashati mapya. "Huu wa Zahariev angalau msafi," alisema, "na unazidi kuiva kwa jua, sijui kwa nini. Lakini huu mwingine unanuka tumbaku. Uweke mbali na mapazia yangu."

Mikono haikujua kutulia. Ilibonyeza kengele za majirani, vitufe vya lifti, vifungo vya makoti ya watu kwenye foleni ya mkate. Ilipokosa cha kubonyeza, ilibonyeza mbavu za Tanchev.

Jumatano hiyo muswada wa migodi ulikuwa unasomwa mara ya pili. Mara ya kwanza wabunge waliupitisha kwa ujumla wake. Ukaenda kamati, na sasa ulirudi ukumbini kupigiwa kura kifungu kwa kifungu. Kifungu cha kumi na nne kilisema mabwawa ya taka za migodi iliyofungwa hayatakaguliwa tena. Bwawa moja la namna hiyo liko juu ya kijiji cha Suha Rudina, na chini kabisa ya ukuta wake anakaa Penka, dada yake Tanchev. Mwezi wa Agosti Penka alimwonyesha maji ya rangi ya kutu yaliyochuruzika hadi kwenye mti wa plamu. Kitanda chake alikuwa amekwisha kukipandisha juu ya matofali, tofali moja kila mguu.

"We Evlogi, ni mbunge au si mbunge?" alimwuliza siku hiyo.

"Dada, nitaleta hoja kifungu kifutwe."

"Hoja nitaifanyia nini? Niletee mtu aje autazame huu ukuta."

"Kikifutwa, wakaguzi watakuja. Kikipita, haji mtu."

Kamati iliikataa hoja yake. Kanuni zilimruhusu kuileta mbele ya Bunge zima, akaileta. Kuhusu mikono, alimwomba Zlatina sindano na uzi.

Spika alipotangaza kura ya hoja hiyo, Bi. Mileva, mnadhimu wa chama cha Tanchev, alisimama.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika. Kuna wabunge wawili wamezuiwa kupiga kura."

"Wabunge gani? Siwaoni."

"Wamo ndani ya koti la Mheshimiwa Tanchev."

"Wafungulie dirisha, watakosa hewa!" sauti ilitoka viti vya upinzani, na watu wakacheka.

"Mheshimiwa Spika," alisema Tanchev, "Zahariev yuko pwani. Lechev yuko Vienna. Kila mtu humu anajua."

Spika alinong'onezana na katibu wa Bunge, akafunua kitabu cha kanuni, akarekebisha miwani. Alieleza kwamba tangu mashine mpya zifungwe, mbunge huhesabiwa yupo pale kilipo kidole chake, na kwamba kumzuia mbunge kupiga kura ni kuvunja haki za Bunge. Askari wa Bunge alikuja na mkasi. Alikata uzi taratibu asije akaharibu kitambaa, akauviringisha, akamkabidhi Tanchev, kwa kuwa ulikuwa mali yake.

Taa za mashine ziliwaka. Tanchev alibonyeza ndiyo kwa mkono wake wa kulia, na kwa wa kushoto akaudaka mkono wa Zahariev kwenye kifundo. Wa Lechev ulikuwa umekwisha kubonyeza hapana. Kisha ulivuka kifua cha Tanchev na kuvibandua vidole vyake kimoja kimoja, bila hasira, na Zahariev naye akapiga kura.

Ubao ulionyesha ndiyo tisini na saba, hapana tisini na nane. Hoja ilianguka, kifungu kikabaki.

"Ahsante, Mheshimiwa," alisema Bi. Mileva akipita nyuma ya kiti chake. "Kura zako mbili kati ya tatu zilikuwa nzuri sana."

Rais aliutia saini muswada, ukachapishwa katika gazeti la serikali, ukawa sheria. Kamati ya utawala nayo ilipitisha kwa kauli moja ununuzi wa viti vipana, kwa kuwa safu ile yote ilikuwa imeanza kuota mikono.

Jumamosi Tanchev alikwenda Suha Rudina. Penka alikuwa uani akichoma pilipili tamu za kusaga kwa ajili ya majira ya baridi. Maji yalikuwa yamefika kizingitini.

"Ndiyo hii?" aliuliza, akiitazama mikono.

"Ndiyo hii."

"Upi ulibonyeza?"

"Yote miwili."

Penka aliugeuza ule wa Zahariev, wenye pete ya dhahabu, akaukagua kiganja. "Laini kama wa padri," alisema, kisha akaupa kila mmoja kisu. Mikono ilimenya pilipili, na kwa mara ya kwanza tangu iote haikugonga kitu. Wa Lechev ulimenya vizuri kuliko Tanchev.

Walipomaliza waliingia ndani, kilipokuwa kitanda cha Penka. "We mwenye pete, shika mguu ule," alisema Penka. "Na wewe mvuta sigara, huku." Mikono minne ilikiinua kitanda, naye akasukuma chini yake tofali la pili, mguu kwa mguu. Kazi ilikwisha mapema. Alijipangusa mikono kwenye aproni, akatazama mahali maji yalipofika.

"Njoo nayo tena wiki ijayo," alisema. "Tutainua jiko."